Taasisi Iliyochelewa Miaka 47, na Shauri la Mkulima wa Kiegei

Mwaka 1958 serikali ya kikoloni ilimpandisha kizimbani Julius Nyerere jijini Dar es Salaam, ikimshtaki kwa kuwakashifu wakuu wa wilaya wawili katika Sauti ya TANU, chapisho la chama chake. Utetezi wake uliongozwa na D. N. Pritt, wakili mashuhuri aliyetoka London, akisaidiwa na Mahmud Rattansey wa Tabora na K. L. Jhaveri wa Dar es Salaam. Walifanya kazi yao kwa moyo na kwa ustadi. Mahakama iliamuru faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita, faini ikalipwa. Lakini katika meza ile ya utetezi hapakuwa na Mwafrika wa Tanganyika hata mmoja. Chama kilichodai nchi hakikuwa na mwana wa nchi wa kusimama mbele ya hakimu, kumdodosa shahidi wa serikali na kuhitimisha hoja.

Historia ya Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo Tanzania, ambayo wanasheria wenyewe wanaiita Law School, inapaswa kuanzia hapo, nusu karne kabla ya darasa lake la kwanza. Kumbukumbu nyingi za taasisi hupenda kuanza na sheria iliyoianzisha, zikaendelea na majengo na orodha ya wakuu. Sheria na majengo nitavitaja, lakini kwa kifupi. Linalonishughulisha ni jambo jingine: kwa nini nchi iliyojenga kitivo cha sheria kabla hata ya bendera yake kupandishwa ilikaa miaka 47 bila shule ya kumfundisha mhitimu kusimama mahakamani? Na je, shule hiyo ilipokuja, ilimfikia mkulima wa Kiegei, huko Kusini?

Kitivo kilikuja mapema. Kamati ya Lord Denning ya Uingereza, iliyochunguza elimu ya sheria kwa wanafunzi wa Afrika, ilitaka Waafrika wasome sheria kwao badala ya kwenda kuisomea London, na Dar es Salaam ikachaguliwa kuwa makao ya kitivo cha Afrika Mashariki. Tarehe 25 Oktoba 1961, wiki sita kabla ya Uhuru, Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kilifunguliwa katika jengo la TANU, mtaa unaoitwa leo Lumumba. Kitivo cha kwanza kilikuwa cha sheria, chini ya A. B. Weston, na wanafunzi wake walikuwa kumi na wachache kutoka Tanganyika, Kenya na Uganda. Miongoni mwa waliokisoma miaka ya mwanzo alikuwamo Julie Manning, ambaye baadaye alikuwa jaji kisha Waziri wa Sheria.

Hapo ndipo njia za nchi tatu zilipoachana. Kenya ilianzisha Kenya School of Law mwaka 1963, na Uganda ikawa na Law Development Centre mwaka 1970, taasisi zilizompokea mhitimu wa chuo kikuu na kumfunza kazi yenyewe. Tanzania ilibaki na chuo kikuu. Sababu haikuwa uzembe. Dola changa ilihitaji wanasheria wa serikali kuliko mawakili wa mitaani. Mwaka 1962 Mkurugenzi wa Mashtaka alikuwa Herbert Chitepo wa Rhodesia ya Kusini. Kuanzia 1965 hadi 1971 Jaji Mkuu alikuwa Telford Georges, mzaliwa wa Dominica. Mark Bomani alipokuwa Mwanasheria Mkuu mwaka 1965 alikalia kiti kilichokuwa kimekaliwa na Mwingereza. Katika hali hiyo kijana aliyehitimu sheria alisubiriwa na ofisi ya serikali kabla hata wino wa cheti haujakauka, na hakuna aliyeuliza kama amewahi kumhoji shahidi.

Pengo lilizibwa kwa mafunzo ya kazini. Mhitimu aliwekwa chini ya uangalizi wa Ofisi ya Mwanasheria Mkuu, akazungushwa katika mahakama na ofisi za sheria, kisha akitaka uwakili alifika mbele ya Baraza la Elimu ya Sheria kwa usaili. Mfumo huo ulitoa mawakili na majaji hodari, na si haki kuudharau. Kasoro yake ni kwamba ulitegemea bahati. Aliyepata mlezi mwenye subira alijifunza kuandaa hati ya madai, kupanga vielelezo, kumtayarisha shahidi wake bila kumlisha maneno. Aliyepata mlezi mwenye haraka alijifunza kubeba mafaili kupeleka masjala. Wote wawili waliapishwa siku moja na kuvaa joho la aina moja, na mteja aliyeingia ofisini hakuwa na njia ya kuwatofautisha.

Kuanzia miaka ya 1990 bahati hiyo haikutosha tena. Vyuo vikuu binafsi viliruhusiwa, Chuo Kikuu Huria kikafungua milango, na wahitimu wa sheria wakaanza kutoka Iringa, Mwanza, Mzumbe na kwingineko. Ofisi moja ya serikali haikuweza kuwalea wote. Katika miaka hiyohiyo ya 1990 kikosi kazi cha kupitia sekta ya sheria kiliongozwa na Jaji Mark Bomani, yuleyule aliyeshika ofisi ya Mwanasheria Mkuu katika siku za uhaba, na kazi yake ikawa msingi wa mageuzi yaliyofuata. Bunge lilipitisha Sheria Namba 18 ya mwaka 2007, na mwaka 2008 wanafunzi wa kwanza waliingia darasani, wakianzia katika majengo ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Miongoni mwa wakuu wake wa mwanzo alikuwa Dkt. Gerald Ndika, ambaye baadaye aliteuliwa kuwa Jaji wa Mahakama ya Rufani. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 taasisi ilihamia kwake, kando ya Barabara ya Sam Nujoma, jirani na kituo cha Mawasiliano. Kuanzia hapo, mhitimu wa shahada ya sheria anayetaka kuwa wakili hupita kwanza katika lango hilo, atoke na Stashahada ya Uzamili ya Uanasheria kwa Vitendo, ndipo afike mbele ya Jaji Mkuu kuapa.

Mafunzo huchukua takriban mwaka, sehemu darasani na sehemu mahakamani na katika ofisi za mawakili. Masomo yake ni ya kazi: mwenendo wa mashauri ya madai na ya jinai, uandishi wa hati, maadili, hesabu za ofisi, usuluhishi, na uwakili wa mahakamani wenyewe. Katika mahakama ya mfano mwanafunzi husimama, hutoa pingamizi, hukataliwa, hujaribu tena. Chuo kikuu hufundisha sheria ya ushahidi, lakini kuuliza swali la dodoso hujifunzwa kwa kuliuliza, mbele ya mtu anayekukatiza pale unapokosea. Dodoso ni sanaa ya kujizuia. Wakili mchanga huuliza swali moja zaidi ya yanayotosha, na shahidi aliyekuwa amebanwa anapata nafasi ya kueleza na kuponyoka. Wakili aliyefunzwa hukaa chini jibu analolihitaji likishaingia kwenye kumbukumbu za mahakama.

Sasa tuitoe sanaa hiyo Sam Nujoma tuipeleke Kiegei.

Kiegei ni kata ya Nachingwea, mkoani Lindi, katika ukanda ambao wakulima wa Nachingwea, Ruangwa na Liwale wanaunganishwa na chama kikuu kimoja cha ushirika, RUNALI. Uchumi wa huko ni korosho, ufuta na mbaazi, na kwa hiyo mgogoro wa huko ni ardhi. Wafugaji walioondolewa Ihefu mwaka 2006 na 2007 walielekezwa pamoja na kwingineko Lindi, na malisho yakakutana na mashamba. Ruangwa kumevumbuliwa madini ya kinywe, na palipo na madini huja fidia, na fidia huzaa mabishano ya nani hasa alikuwa mwenye shamba.

Tuchukue shauri la kawaida kabisa. Mzee amefariki, ameacha mikorosho. Mwanawe anaivuna. Binamu anasema shamba ni la ukoo na mzee alipewa kulitunza tu. Kwa Wamwera, ambao ukoo wao kwa asili ulifuata upande wa mama, zamani neno la mwisho lingekuwa la mjomba. Siku hizi shauri huanza Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba, watatu kati yao wanawake. Likishindikana linapanda Baraza la Kata, lenye wajumbe wanne hadi wanane. Likishindikana tena linakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, halafu Mahakama Kuu Kanda ya Mtwara, halafu Mahakama ya Rufani.

Katika kila ngazi kuna shimo. Mwana anafungua shauri kwa jina lake, kumbe shamba ni mali ya marehemu na yeye hajathibitishwa kuwa msimamizi wa mirathi: shauri linaondolewa kwa kuwa hakuwa na haki ya kulifungua. Maombi hayaelezi mipaka ya shamba: hukumu ikitoka haitekelezeki. Miaka 12 ya ukomo imepita: shauri linatupwa bila kusikilizwa. Wazee wa baraza wameketi na mwenyekiti lakini maoni yao hayakusomwa mbele ya wadaawa: Mahakama ya Rufani, katika mfululizo wa maamuzi ya miaka ya 2010, ilifuta mienendo ya namna hiyo na kuamuru mashauri yaanze upya. Na kama anayedaiwa ni Halmashauri ya Kijiji yenyewe, tangu marekebisho ya mwaka 2020 mkulima anapaswa kutoa notisi ya siku 90, kumuunganisha Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na kulipeleka shauri Mahakama Kuu. Kwa mtu wa Kiegei hiyo ni safari ya Mtwara kwa ajili ya ekari chache za mikorosho, na reli iliyojengwa kutoka Mtwara hadi Nachingwea kwa mradi wa karanga wa Waingereza ilikwishang'olewa miaka ya 1960.

Mashimo yote haya yanaonekana kabla ya kuyafikia, kwa mtu aliyefunzwa kuyaona. Asiyefunzwa hutumbukia, na anayelipa ni mteja, msimu baada ya msimu, huku kesi ikipigwa kalenda. Wakili mzuri angeanza mbali na vifungu. Angeuliza: korosho za shamba hili zimekuwa zikipelekwa chama cha msingi kwa jina la nani? Mfumo wa stakabadhi ghalani uliingia katika korosho msimu wa 2007/08, ukianzia Mtwara, na tangu hapo kila gunia linaacha karatasi. Karatasi hizo, zikipokelewa kama kielelezo kwa utaratibu unaotakiwa, zinaweza kusema mengi kuliko mashahidi kumi wa ukoo. Wazo la namna hiyo humjia wakili anayewajua wateja wake na aliyezoezwa kutafuta ushahidi mahali ulipo.

Nikitaka kuipima taasisi hii, ninaipimia hapo. Idadi ya mawakili wa Tanzania imevuka elfu kumi, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo imepita mikononi mwake. Ni kazi kubwa na inastahili heshima. Lakini mawakili wamerundikana Dar es Salaam, Arusha, Mwanza na Dodoma. Huku Kusini pengo limejazwa na vishoka, watu wanaoandika hati kwa malipo bila kuwa na leseni, na waraka wa kishoka ukikataliwa mahakamani kishoka hayupo wa kuulizwa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwatambua wasaidizi wa kisheria, na hao wamewaokoa wengi, hasa wanawake katika mirathi. Ila msaidizi wa kisheria hawezi kusimama mahakamani kumtetea mtu.

Njia nyingine ya kumaliza mgogoro ni usuluhishi, na upande huo umesonga mbele zaidi ya wengi wetu tunavyotambua. Mwaka 1994, Jaji Mkuu akiwa Francis Nyalali, kanuni za mashauri ya madai zilibadilishwa ili kila shauri lipitie kwanza jaribio la usuluhishi chini ya mahakama. Mwaka 2000 Katiba yenyewe, Ibara ya 107A, iliagiza mahakama kukuza na kuendeleza usuluhishi baina ya wanaohusika katika migogoro. Sheria mpya ya Usuluhishi ilitungwa mwaka 2020. Mwaka 2021 mabaraza ya kata yaliondolewa mamlaka ya kuamua migogoro ya ardhi: kazi yao sasa ni kusuluhisha, na siku 30 zikipita bila mwafaka mlalamikaji anaendelea mbele.

Badiliko hilo la mwisho ninaliona kuwa zito kuliko lilivyozungumzwa. Limemfanya mjumbe wa Baraza la Kata la Kiegei kuwa msuluhishi kamili, na kusuluhisha ni ujuzi. Mjumbe aliyezoea kuhukumu huwaita watu wawili, huwasikiliza, kisha huwaambia nani amekosea. Msuluhishi hutafuta kila mmoja anahitaji nini: pengine binamu hataki shamba, anataka jina la bibi yake litajwe na sehemu ya mavuno ya mwaka. Taasisi inawafundisha mawakili jambo hili darasani, lakini sheria inamzuia wakili kuingia kwa uwakili wake ndani ya Baraza la Kata. Ujuzi uko Dar es Salaam, kiti cha usuluhishi kiko kijijini, na baina yao hapajawekwa daraja.

Mwaka huohuo wa 2021 milango mingine miwili ilifunguliwa, na hapa ndipo penye kiini cha ninalotaka kusema. Kwa miongo mingi Mahakama ya Mwanzo, ambayo ndiyo mahakama ya wananchi wengi, iliendeshwa kwa Kiswahili bila mawakili, na mahakama za juu, walikoruhusiwa mawakili, zikatumia zaidi Kiingereza. Palipokuwa na lugha ya mwananchi hapakuwa na mtetezi wake, na palipokuwa na mtetezi hapakuwa na lugha yake. Januari 2021 Jaji Zephrine Galeba wa Mahakama Kuu Musoma aliandika uamuzi wake kwa Kiswahili, na wiki chache baadaye Bunge likakifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Kabla mwaka kwisha, sheria ikawaruhusu mawakili kuingia Mahakama ya Mwanzo inayoongozwa na hakimu mkazi. Kwa mara ya kwanza wakili aliyefunzwa anaweza kumtetea mtu wa Nachingwea karibu na kwake, kwa lugha anayoisikia na kuifuata neno kwa neno.

Je, wakili huyo amefunzwa kwa lugha hiyo? Vitabu, hukumu za rejea na mitihani ya wanasheria wetu kwa sehemu kubwa ni vya Kiingereza. Anayejua kudodosa kwa Kiingereza hawezi kuhamisha maswali yake tu. Shahidi mzee wa Kusini hujibu kwa heshima, kwa mzunguko, akianzia mbali, na wakili mkali wa kukata maneno humwonyesha hakimu utovu wa adabu badala ya udhaifu wa ushahidi. Dodoso la Kiswahili lina namna yake ya kubana bila kuvunja heshima, ya kumwita mtu mzee wangu na bado kumfikisha mahali asipotaka kufika. Namna hiyo inahitaji kufundishwa, kuandikwa na kupewa alama.

Mwaka 2022 taasisi ilipita katika mtihani wake mgumu. Oktoba ilijulikana kuwa kati ya wanafunzi 633 wa mkupuo mmoja, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Waliotakiwa kurudia baadhi ya masomo walikuwa 342, na walioshindwa kabisa 265. Wazazi walilia, wanafunzi walilalamika hadharani, na Waziri wa Katiba na Sheria, Dkt. Damas Ndumbaro, aliunda kamati chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe kuchunguza. Wengine walilaumu vyuo vikuu kwa kupitisha watu wasioiva, wengine wakailaumu taasisi kwa mitihani na mfumo wake, na wengi wakataja lugha.

Msimamo wangu ni kwamba taasisi ilikuwa na haki ya kuwa kali. Wakili mbovu hudhuru watu wasio na uwezo wa kumtambua, na anayedhurika kwanza ni mkulima wa aina ya yule niliyemtaja. Lakini ukali wa mtihani lazima uende na wingi wa mazoezi. Taasisi inayompima mtu kwa kusimama mahakamani inapaswa kumsimamisha mara nyingi kabla ya siku ya kipimo, na katika madarasa ya mamia hilo ni gumu. Kama fedha zinahitajika, zielekezwe hapo: wakufunzi wengi, makundi madogo, mahakama ya mfano kila wiki.

Si haki kumaliza bila kuitaja Lushoto. Chuo cha Uongozi wa Mahakama, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1998, kinawaandaa na kuwaendeleza watumishi wa mahakama, kazi ambayo kwa mahakimu wa mwanzo ilikuwa ikifanyika Mzumbe. Wakili wa Sam Nujoma na hakimu aliyepita Lushoto hukutana katika chumba kimoja cha mahakama ya wilaya, na ingefaa wakutane mapema zaidi, katika mafunzo ya pamoja.

Kwa wakuu wa taasisi ninaomba mambo matatu. Mafunzo ya uwandani yapangwe kwa makusudi Nachingwea, Ruangwa na Liwale, na yaambatane na posho inayomwezesha kijana kuishi huko. Somo la uwakili wa mahakamani lifundishwe na kutahiniwa kwa Kiswahili sawasawa na kwa Kiingereza. Na wanafunzi wanaosomea usuluhishi watumwe kuwafunza wajumbe wa mabaraza ya kata, wakianza na kata zilizo mbali na makao ya wilaya, Kiegei ikiwemo.